Kinanda chenye Sauti ya Mtu

Alhamisi ile klabuni, Noelene Boothby alichukua mpira wenye namba wa mchezo wa bahati wa bingo, akausoma, akafungua mdomo, na namba arobaini na nne haikutoka. Hakuisahau. Aliiona mbele ya macho yake, ulimi ukagoma. Wazee walicheka wakidhani anawatania, maana miaka kumi na tisa amekuwa akiwaitia namba kwa vijembe, na hakuna mtu katika mji mzima wa Mildura aliyekwenda pale kwa ajili ya zawadi ya kuku wa kuoka. Walimfuata yeye na mdomo wake.

Alirudi nyumbani saa nane mchana, jua la Januari likichoma bati. Sebuleni mumewe Clarrie alikuwa anapiga kinanda.

Clarrie alikuwa mkusanyaji, na wakusanyaji nawajua: takataka ikifikisha miaka hamsini wanaiita hazina. Nyumba ilijaa makopo ya biskuti yenye picha, kadi za wachezaji wa futiboli na wanasesere wa vipindi vya televisheni ambavyo hakuna anayevikumbuka. Wiki ile baraza la mji lilikuwa linazoa vitu vikubwa, kila mtu katoa makochi yake nje ya uzio, na Clarrie akazunguka na gari kuchagua, kama tunavyofanya sote. Akaokota kinanda cha umeme cha miaka ya sabini, kile cha sebuleni chenye safu mbili za vibao, taa zote zinawaka. Kasoro ilikuwa moja: swichi iliyoandikwa "Sauti ya Mtu" ilikuwa imefunikwa kwa plasta, tabaka juu ya tabaka. Mkusanyaji hawezi kuvumilia plasta juu ya kitu cha asili. Aliibandua yote kwa kisu cha siagi, akaiwasha swichi.

"Umesikia?" alimwambia mkewe. "Kinahema kabisa!"

Noelene alisikia. Wimbo ulipokuwa unafifia, mwanamke alisema ndani ya kinanda, kwa madaha, "Arobaini na nne." Sauti ilikuwa yake mwenyewe.

"Clarrie, zima," alinong'ona.

"We mama nawe! Wivu wa kinanda?"

"Zima, mzee mpumbavu wewe!"

Hakuzima. Mimi bado nina hasira naye hadi leo. Alipiga kila asubuhi baada ya chai, na kila alipopiga Noelene alipoteza kitu: namba zote za sabini, kisha jina la dada yake, kisha maneno ya kuagiza mkate. Sebule ikanuka vumbi la moto na poda ya uso. Alhamisi iliyofuata mtu mwingine aliita bingo. Na Jumapili, mezani, Clarrie aliomba sosi ya nyanya, mkewe akafungua mdomo kumtukana na hakikutoka hata kikohozi, na wakati huohuo kule sebuleni, kinanda kikiwa kimezimwa na hakuna mtu karibu, tusi lile lilisikika lote, neno kwa neno, halafu likarudiwa polepole, halafu likachekwa, na harufu ikawafikia mezani, harufu ya kinywa cha mtu aliyelala miaka mingi bila kukifungua.

Hapo ndipo Clarrie alipoogopa. Akampigia simu Merv Tolley, fundi aliyetengeneza vinanda hivyo tangu vikiwa vipya. Merv alisimama mlangoni, hakuvua hata kofia.

"Nani kabandua plasta yangu?"

"Mimi," Clarrie alisema. "Haikuwa ya asili."

"Hamnazo wewe! Humo mna jini, na chakula chake ni sauti za wanawake. Nikikata waya wa ile swichi, sauti zote alizomeza zitatoka."

"Sasa mbona hukukata siku ile ulipobandika plasta?"

Merv aliteremsha sauti. "Wote waliomezwa sauti walikuwa wameshazikwa. Sikujua sauti zao zingekwenda kukaa wapi."

"Wa kwangu yu hai," Clarrie alisema. "Kata, bwana. Nakuomba."

Merv akafungua mgongo wa kinanda, akakata. Sauti za wanawake zikatoka kwa kishindo, huyu analia, yule anaita paka, wengine wanapiga kelele tu bila maneno, zikajaa sebule nzima hadi makopo ya biskuti yakaanguka rafuni, kisha kukawa kimya na harufu ikaisha.

Noelene alijishika koo. Clarrie akapiga magoti mbele yake, machozi yanamtoka.

"Sema kitu, mpenzi. Nitukane."

Akafungua mdomo.

"Samahani," ilisema sauti ya bibi kizee, kwa adabu. "Nyinyi ni nani? Wanangu wako wapi?"

Noelene alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na nyuma ya vidole sauti nyingine, ya binti, ikaanza kupiga mayowe. Merv alikuwa keshafika kwenye gari lake. Clarrie alibaki pale amepiga magoti akiisubiri sauti ya mkewe, lakini wengi walikuwa wametangulia kuingia kooni mwake, na cha Noelene kilichobaki ni macho tu, yanamtazama kwa chuki.