Ruhusa ya Kukwea

Mashahidi wote, hata wale wasiosalimiana tena, wanakubaliana juu ya mambo haya. Kwamba Wazir, mgema wetu, alianguka kutoka mnazi mrefu ulio nyuma ya nyumba yetu ya shambani, nje ya Wiyoni, akafa. Kwamba kaka yangu Mahmud alifia uani magharibi ya Alhamisi, mwaka 1956. Na kwamba kabla ya kifo hicho dada yetu Hafswa alitamka neno moja, ambalo hakuna sheria niliyoisoma inayolifanya kuwa kosa.

Yaliyobaki yanabishaniwa.

Babu aliipanda minazi ile. Baba akajenga chumba cha mitungi. Tembo letu halikuwa la kunywa. Lilimiminwa mtungini, likafunikwa, likaachwa ligeuke siki lenyewe bila kutiwa chumvi wala chochote, kwani ndivyo linavyohalalika. Baba alipofariki, Mahmud alitaka kuwauzia walevi likiwa bichi. Wazir akakataa.

"Kisu cha kugemea ni changu, Bwana Mahmud," alisema mbele yetu. "Tafuta mgema wa haramu."

"Na mnazi ni wangu. Tutaona utakwea nini."

Wiki hiyohiyo Wazir alianguka. Nilivikagua vidato, zile hatua zilizochongwa katika shina. Vya juu viliteleza kidoleni na kunuka mafuta ya nyonyo. Huo ulikuwa ushahidi wa mafuta, si wa mkono ulioyapaka.

Mahmud alicheka. "Wakili mzima wanusa mnazi!"

Ipo desturi ambayo lazima niieleze. Mgema akiwa juu huona ndani ya nyua za watu. Kwa hiyo, kabla ya kukwea, huita. Mwanamke wa nyumba hujisitiri, kisha humjibu. Bila jibu, hakwei. Kwetu, tangu utotoni, aliyejibu ni Hafswa.

Jioni moja baada ya mazishi ya Wazir nilikwenda kuchota siki ya achari. Hafswa alikuwa uani akisuka ukili wa mkeka. Mwito ukaja kutoka nyuma ya ukuta.

"Nakwea, wenye nyumba!"

Hafswa akavuta leso kichwani, kama alivyozoea.

"Kwea!"

Kisha tukatazamana: sauti ilikuwa ya Wazir.

Krr... krr... Nyayo juu ya vidato. Zilipanda polepole. Harufu ya tembo lililochacha ikajaa ua. Niliutazama mnazi, shina hadi makuti.

Hapakuwa na mtu.

Kibuyu kilichoachwa kileleni kikaanza kuyumba. Moshi wa jikoni ulipanda wima, upepo haukuwapo.

Ndege? Yawezekana, na Mahmud alishikilia hivyo. Mahmud akitutisha? Nilichunguza: alikuwa msikitini, safu ya kwanza, na waliosimama ubavuni mwake waliapa.

Tangu siku hiyo Hafswa hakukanyaga uani. Alijifunika gubigubi hata usingizini. Chakula kilimshinda, mifupa ya shingo ikamtokeza.

"Anaangalia," aliniambia kwa mnong'ono. "Nilimruhusu kukwea. Hakuna aliyemruhusu kushuka."

Shangazi yetu, Bi Ruqaya, alimkabili Mahmud. "Mtoto afa, nawe watazama. Mwache amwambie ashuke."

"Atakayefungua kinywa nitamfukuza shamba hili!"

"Waogopa nini? Si wasema ni ndege?"

Mahmud alitazama juu. Shina la mnazi ule liko nje ya ukuta, lakini limeinama. Kilele chake kimening'inia juu ya ua wetu.

Alhamisi, jua likizama, Hafswa alijikokota hadi mlango wa uani. Bi Ruqaya nami tulimshika mikono. Mahmud alikuwa uani. Alipomwona akakimbilia kumziba kinywa.

Alichelewa.

"Shuka," Hafswa akasema.

Krr... krr... Vidato vikakwaruzwa kuelekea chini. Kisha pakawa kimya...

Tone moja la tembo likaanguka begani mwa Mahmud. Alisimama palepale, ameinua uso.

"Si mimi," alinong'ona. "Wazir, si..."

Kishindo.

Daktari alikuta shingo ya Mahmud imevunjika na miguu yote miwili pia, kama ya mtu aliyeanguka kutoka juu sana. Lakini miguu hiyo haikuwa imeiacha ardhi. Sisi watatu tuliliapia jambo hilo, kila mtu peke yake. Nyayo zake zilinata mafuta ya nyonyo. Ya zamani? Ya siku ile? Sikuweza kuthibitisha.

Usiku ule Hafswa alikula. Watu wanamwita mchawi, muuaji wa ndugu yake. Mimi nasema aliondoa ruhusa iliyokuwa yake kuitoa.

Hata hivyo, jana magharibi mwito ulisikika tena nyuma ya ukuta. Sauti haikuwa ya Wazir. Ilikuwa ya Mahmud, ambaye maisha yake yote alidai hajui kukwea mnazi.

Hafswa ameniuliza ajibu nini. Ushahidi wote nimekuwekea mbele yako, msikilizaji. Hukumu wewe.