Mwanachama wa Mia Mbili

"Naongea na Joviana Kahangwa wa Rubya?"

"Ndiye mimi. Nani mwenzangu?"

"Afisa wa uhakiki wa vyama, nipo Bukoba. Simu iko sauti ya juu, viongozi wa Chama cha Fedha Huru wananisikia. Una kadi namba mia mbili, na saini yako ninayo hapa. Ulijiunga lini?"

Kisu kilimponyoka Joviana, kikatumbukia kwenye beseni la ndizi. Kujiunga? Yeye?

Chama kilikuwa na miezi mitano tu. Mwenyekiti wake, Philbert, mwalimu wa hesabu, ndiye baba wa Kokubanza, mtoto aliyelala mgongoni mwa Joviana. Ili kipate cheti cha usajili, walitakiwa wanachama mia mbili kila mkoa, mikoa kumi. Tisa ilishapita, ikabaki Kagera. Na kila Philbert alipomletea kadi, Joviana alimjibu, "Nioe kwanza. Hicho chama chako ni mke mwenzangu, sikisainii."

"Dada, upo?"

"Nipo."

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Projestus, katibu wa chama:

"Shem sema NDIYO. Nilikusainia mimi. Philbert hajui. Ukikana tumekwisha."

Mama yake, Ma Benigna, aliusoma kwa kuchungulia, akampiga kiwiko na kumnong'oneza.

"Sema ndiyo, we mtoto! Wakimfunga, nani atakuoa?"

Ndipo sauti ya Philbert ikasikika.

"Jovi, ulisaini?"

Joviana alimkumbuka pale Kemondo, amesimama juu ya kreti la soda, akiwauliza wakulima kwa nini wauze kahawa ingali maua ili wapate ada ya watoto. Alitaka serikali itoe fedha isiyo na riba, imfikie mkulima kabla ya mlanguzi. Watu walicheka. Yeye hakucheka; ila hakuwahi kumwambia kwamba anamwamini.

"Jovi, usinihurumie. Sema lililo kweli."

"Mwenyekiti," afisa akamkatiza, "akikana, chama chako hakipati cheti. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Nimezunguka mikoa kumi nikisema noti isiyo na kitu nyuma yake ni uongo. Na jina lisilo na mtu nyuma yake je?"

Machozi yakamtoka Joviana.

"Sikusaini," alisema. "Lakini afisa, nikipanda gari sasa hivi nije nisaini mwenyewe?"

"Orodha ilifungwa juzi, dada yangu. Pole sana."

Kesho yake mchana Philbert alitokea uani, shati limejaa vumbi. Ma Benigna akampokea kwa mdomo.

"Karibu, mheshimiwa. Chama hakijambo?"

"Kimekufa, Ma."

"Na yule katibu wako?"

"Ameandika maelezo kwa mkono wake. Nimemsindikiza polisi mwenyewe."

Akamgeukia Joviana.

"Umenikasirikia?"

"Ningekasirika ungeniambia niseme ndiyo."

"Ulitaka kusaini kweli?"

"Kweli. Nilidhani unakipenda chama kuliko mimi. Jana nilikusikia ukikiacha kife, sauti haikutetemeka. Philbert, sikujua nimezaa na mtu wa namna hiyo. Niliogopa, ujue. Kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa, akakuta wote wamepiga magoti."

Ta Kahangwa, baba yake, alitoka migombani na panga mkononi. Miezi yote hiyo alimwita Philbert "yule kichaa wa noti".

"Kaa," alimwambia.

Philbert akakaa.

"Kahawa yangu ya mwaka huu nimeiuza ikiwa maua. Hesabu yako sijawahi kuisikiliza hadi mwisho. Nieleze."

Philbert akaeleza, akichora ardhini kwa kijiti. Ta Kahangwa aliuliza, akauliza tena, kisha akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Na hili jambo limekosa mtu mmoja?"

"Mmoja, Tata."

"Na ungeweza kunyamaza tu."

"Ningeweza."

Mzee alilaza panga chini. Joviana hakuwahi kumwona baba yake akimtazama kijana hivyo, kama anatazama ziwa kwa mara ya kwanza.

"Lete wazee wako Jumapili baada ya misa."

Ma Benigna akapiga kigelegele, mtoto akaamka akilia.

"Na mimi siulizwi?" Joviana aliuliza.

"Haya, unamtaka?"

"Namtaka, Tata. Ila iwe upesi, kabla hajaanzisha chama kingine."