Mama Mkwe Alisoma Herufi, na Skrini Ilikuwa Imezimwa

Herufi zote alizitaja sawasawa… na skrini nilikuwa bado SIJAIWASHA!

Jamani!

Mimi ni nesi wa macho. Mwaka wa tatu huu, wazee kumi na tisa wanachomwa jichoni dawa ya majaribio, ya kuzuia macho kufifia kwa uzee. Kazi yetu ni kufuatilia kama ina madhara. Daktari huwapiga picha za jicho mara moja kwa mwaka. Hapo katikati tunategemea herufi tu.

Mmoja wao ni mama mkwe wangu. Mwenzangu anayempima alikuwa likizo, nikashika zamu.

"Mama… mbona hakuna kitu hapo?"

Akanidaka mkono.

"Mwanangu, katikati pamekuwa peusi. Mwezi wa tano sasa. Usiandike! Watanitoa kwenye dawa."

Nikatoka. Mume wangu alikuwa kwenye benchi, anamsubiri.

"Vipi, mama amefaulu?"

Amefaulu?! Kwani ni mtihani?

"Ulijua?"

"Mimi ndiye niliyemkaririsha! Nilipiga picha hizo herufi kwa simu. Ukiandika, nyumbani kwangu usirudi."

Nikajifungia chumbani. Chumba cha kupimia hakina dirisha. Mama mkwe kitini analia, mume anagonga mlango, fomu ya matokeo mezani, kalamu inateleza kwa jasho.

Nikiandika, ndoa imekwisha. Nisipoandika… na wale kumi na wanane je?

Nikaandika. Nikamwita daktari.

Picha zikaonyesha uvimbe nyuma ya jicho. Sindano zikasimamishwa, wenzake wakaitwa. Wanne walikuwa nao, hata hawajahisi kitu. Wakawahiwa.

Mama mkwe… tulichelewa. Jicho lile halikurudi, na la pili lilikuwa limeshafifia zamani.

"Nani alikwambia ukisema utafukuzwa?" daktari akamuuliza. "Kusema ni haki yako, kutibiwa pia. Imo kwenye fomu ya ridhaa uliyotia sahihi!"

Mama akamgeukia mwanawe.

"Fomu si ulinisomea wewe? Ulisema imeandikwa hivyo."

Mume wangu akainamisha kichwa.

"Sikuisoma, mama. Ilikuwa ndefu… nilikisia tu."

Alikisia! Jicho la mama yake!

Wapendwa, mzazi wako akiingia kwenye majaribio ya dawa, isome fomu mpaka ukurasa wa mwisho. Na akisema haoni vizuri, usimfundishe kuficha. Mpeleke aseme.

Nyumbani nilirudi. Mlango alinifungulia mama mkwe mwenyewe, kwa kupapasa.