Nati Nne za Gurudumu la Nyuma

Kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, mama yake Chiriku alivaa ovaroli ya bluu, akajifunga kitambaa kichwani na kwenda kulikabili gari lake. Siku tano za wiki aliendesha basi la shule, akitoka alfajiri na kurudi mabega yamemwanguka. Mtu mwingine angeilalia Jumamosi yake. Yeye alichoshwa na gari, kisha akapumzika kwa gari. "Dawa ya moto ni moto," baba alimtania, naye akarudi kwenye cherehani yake.

Gari lenyewe lilikuwa la mbio, la zamani, lenye viti viwili tu na boneti ndefu kama pua ya mtu mwenye maringo. Mama alilikuta kwenye uwanja wa vyuma chakavu, milango imeliwa na kutu na panya wamezaliana ndani ya kiti. Kwa miaka minne lilipigwa msasa, likazibwa matundu, likabadilishwa mabomba. Majirani walilibatiza jina la Mgonjwa. "Mgonjwa anaendeleaje?" waliuliza wakipita. "Leo amekunywa mafuta kidogo," mama alijibu.

Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa mdomo wake usiotulia, alikuwa na miaka kumi na miwili, na ndiye aliyekuwa fundi wa pili. Kazi yake ilikuwa kukaza nati na kuzitia alama. Sheria ya mama ilikuwa moja: nati ikishakazwa hadi mwisho, itiwe nukta ya rangi nyeupe. Yenye nukta haikaguliwi tena. Isiyo na nukta haijakazwa, hata mtu aape vipi. "Sisi ni vichwa viwili vilivyochoka," mama alisema. "Nukta ndiyo inayotukumbukia."

Jumamosi moja wakafika mwisho wa kazi. Kesho yake gari lingeingia barabarani kwa mara ya kwanza. Tangu asubuhi Chiriku alikuwa amesugua rimu nne mpaka vidole vikachubuka, na tangu saa sita alikuwa hajatamka neno. Alasiri mama alirudisha magurudumu, akashusha jeki.

"Sasa kaza nati, nne kwa kila gurudumu," mama alisema. "Chukua spana ndefu, sukuma mpaka ikatae. Mimi nafunga betri."

"Mama, mikono inaniuma."

"Bado kidogo tu, mwanangu. Hata mimi nimechoka. Jikaze."

Chiriku alijikaza. Alimaliza gurudumu la kwanza, la pili, la tatu. La nne, la nyuma kushoto, lilikuwa karibu na ukuta, na spana ndefu ilikuwa ikigonga matofali. Ilibidi amwite mama, walisukume gari mbele, ndipo akaze. Alimtazama mama aliyeinama kwenye boneti, akatazama viganja vyake vyekundu. Akachukua spana fupi, akazizungusha nati mpaka zilipoanza kuwa nzito kidogo, akaacha. Brashi ilikuwa tayari ina rangi. Akaweka nukta nne. Nitarudi baadaye, alijiambia. Hakurudi.

Jumapili asubuhi majirani walijaa mlangoni. Baba aliketi kando ya mama, juu ya kiti alichokishona mwenyewe, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. Injini ilikohoa mara tatu, ikashika.

"Mgonjwa amepona!" jirani mmoja alipiga kelele, na watu wakacheka na kupiga makofi.

Mama alikuwa amepanga kwenda polepole hadi mwisho wa mtaa, ageuze, apite tena nyumbani, kisha aingie barabara kuu ambako magari yanakimbia. Gari lilipoanza kuondoka, Chiriku alilitazama gurudumu la nyuma, akazikumbuka zile nukta nne. Alitaka kusema. Lakini mama alikuwa akicheka, na Chiriku hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mama alicheka hivyo. Huenda nati zimeshika, alijifariji. Huenda. Gari likapita mbele yake, na katikati ya makofi akasikia mlio mdogo kutoka nyuma, kama kikombe kikigonga kisahani.

Mwisho wa mtaa gari liligeuza. Gurudumu lingechomoka kwenye barabara kuu, mama na baba wangekufa. Chiriku aliogopa aibu, lakini hilo aliliogopa zaidi. Akatoka mbio, akasimama katikati ya njia, mikono ameitanua.

Mama alikanyaga breki. "Una wazimu wewe? Nusura nikugonge!"

"Zima gari, mama! Gurudumu la nyuma kushoto. Sikukaza. Niliweka nukta tu."

Makofi yakakoma. Mama alizima injini, akachukua spana, akaishika nati ya kwanza. Ilizunguka bila kugoma. Ya pili vilevile. Ya tatu aliizungusha kwa vidole. Baba alishuka taratibu.

Mama aliketi ukingoni mwa barabara. Alionekana amechoka kuliko siku zote.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia mikono inauma," Chiriku alisema, machozi yakimtoka.

"Ulisema, na mimi nikakwambia ujikaze. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Lakini hukuniambia kwamba hujakaza. Nukta iliniambia umekaza, nikaiamini, nikampakia baba yako."

Walilisukuma gari hadi nyumbani. Mama alilowesha kitambaa kwa petroli, akafuta nukta za gurudumu la nne. Kisha akafuta za la tatu.

"Mama! Hizo nilikaza kweli!"

"Nadhani ulikaza. Lakini nukta zako za kweli na za uongo zinafanana. Nitazitofautishaje?"

"Na za injini je?"

"Na za injini. Na za viti. Kila ulipotia nukta wewe, tunaanza upya."

Kazi hiyo ilichukua Jumamosi tatu. Nati baada ya nati, Chiriku alisukuma spana, na karibu zote alizikuta zimekazwa sawasawa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Miezi na miezi ya jasho la haki ilikuwa imetiwa shaka na nati nne. Jumamosi ya pili, alasiri, aliweka spana chini.

"Mama, leo nimeishia hapa. Hizi mbili bado."

"Vizuri. Ziache bila nukta, twende tukalale."

Jumapili iliyofuata Jumamosi ya tatu, Chiriku ndiye aliyeketi kando ya mama. Walipofika kwenye barabara kuu, mama alisimamisha gari.

"Kuchoka si kosa, mwanangu," alisema. "Kila afanyaye kazi huchoka, na kazi iliyobaki itakungoja mpaka kesho. Lakini ukisema imekwisha wakati haijaisha, kuna mtu atakuamini, na atapanda."

Akatazama kulia na kushoto, akaingiza gia, wakaingia barabarani polepole.