Kibuyu cha Wimbi

Soko la Kitale siku ya Jumamosi halina adabu. Linakusukuma, linakukanyaga, linakumwagia maji ya sukuma wiki, halafu linakuita kastoma. Hapo ndipo Nangila, msichana wa Kanduyi kule Bungoma aliyekuja mjini kwa shughuli ya siku moja, alipoinamia lundo la viatu vya mitumba na kuvuta gambuti, buti ya mpira, ya kijani ya mguu wa kushoto. Alipotafuta ya kulia, aliikuta mkononi mwa mwanamume.

"Hiyo ni yangu," akasema.

"Ati yako? Si mimi ndiye nimeishika?"

"Umeshika moja. Utavaa moja kama nani, korongo?"

Mwanamume yule alicheka mpaka vumbi la mahindi likadondoka kutoka kwenye nyusi zake. Alikuwa mrefu, mweusi wa kupendeza, amevaa shati la mistari lililokunjwa mikono. Alimtazama Nangila kuanzia gauni la samawati lenye vifungo vyeupe hadi sweta la kahawia alilofunga kiunoni, na hakuwa na haraka ya kumaliza.

"Namnunulia mama yangu," akasema. "Lakini wewe, mrembo hivi, gambuti ni za kwenda wapi?"

"Mlimani. Kusoma."

"Kusoma na gambuti? Hiyo shule inafundisha bata?"

Nangila alitaka kukasirika, akashindwa. Mwenye viatu aliwaambia wanunue ama waondoke wakachekeane kwingine. Kiptum, ndilo lilikuwa jina lake, akatoa ile ya kulia kama mtu anayetoa ng'ombe.

"Chukua. Mama yangu atangoja. Lakini mtu hapewi gambuti bure bana. Leta namba ya simu."

Namba ilikuwa ya mama yake Nangila, maana nyumba nzima ilikuwa na simu moja. Kwa hiyo Kiptum alipopiga jioni ile na kuanza, "Sasa mrembo," sauti nzito ya mama ikamjibu, "Mimi niko mzima, mwanangu. Wewe ni nani?" Alikata simu. Kesho yake alipiga tena na kuanza kwa "Shikamoo", na kuanzia hapo mapenzi yao yakaenda kwa heshima.

Kiptum alikuwa na duka la nafaka pale Matisi, mtaa wa Kitale. Alinunua mahindi kwa wakulima, akayakausha, akayatia dawa na kuyauza. Nangila alikuwa amemaliza shule miaka mitatu iliyopita, akakosa chuo, akabaki kulima shamba la nyanya yake, ambaye kwa Kibukusu anaitwa kukhu. Shamba lilikuwa limechoka. Lilikula mbolea kila mwaka na kutoa mahindi ya kuonea aibu. Alipopata nafasi ya kusoma katika Jumuiya ya Mti Mmoja, alilia kwa furaha.

Jumuiya hiyo iko juu kabisa Mlima Elgon, pembeni mwa msitu. Wanafunzi hukaa huko mwaka mzima, wanajifunza udongo, maji, nyuki na miti, wanakula wanacholima. Umeme hakuna. Simu haishiki. Wageni hawapandi mpaka mavuno ya kwanza.

"Mwaka mzima bila kukusikia?" Kiptum alilalamika kwenye simu mwezi wa Julai. "Nitakonda mpaka watu waulize ni ugonjwa gani."

"Utakonda wapi na ugali ule wote?"

"Dia, kwani huwezi kusomea hapa Kitale? Mimi nitakufundisha udongo. Uko mwingi kwa duka."

"Huo ni vumbi, Kiptum."

"Basi natamani lori la kuwapeleka mlimani lipate pancha mara kumi siku hiyo."

Alikuwa anatania. Lakini utani ni kama pilipili, unaweza kumwasha mtu baadaye.

Pamoja na hayo alimsaidia kujiandaa. Alimtafutia blanketi zito, tochi na kisu cha kupogolea. Alimwambia aanze kuoga maji baridi alfajiri ili azoee mlima, na kila asubuhi alipiga kuuliza kama ameoga. "Nimeoga," Nangila alisema huku meno yakigongana, na wote wawili walicheka. Kitu kimoja tu hakikuweza kununuliwa. Kila mwanafunzi alitakiwa kufika na mbegu ya nyumbani kwao, iliyorithiwa, ambayo haijawahi kuguswa na dawa yoyote. Hiyo ndiyo angepanda na kuisoma mwaka mzima. Asiye na mbegu hana somo, na nafasi yake hupewa mwingine.

Nangila alikuwa nayo: wimbi la kukhu, yaani ulezi, limejaa kibuyu kimoja, lilining'inia juu ya moshi wa jikoni tangu kukhu alipofariki.

Shida ilikuwa Agosti. Mwaka ule wa 2006 ulikuwa mwaka wa tohara Bungoma, na Hillary, mdogo wake Nangila, alikuwa amezunguka kwa jamaa wote akipiga njuga kutangaza kuwa yuko tayari. Boma likafurika wageni. Mama yake alikuwa mtu wa kanisa na hakunywa, lakini wajomba hawakuwa wamekuja kunywa chai, na pombe ya busaa bila kimea cha wimbi haipikiki. Nangila aliona shangazi wa tatu akichungulia juu ya moshi, akajua kibuyu chake hakitafika Jumapili. Alikifunga kwa leso akakipeleka Matisi.

"Nitunzie hii," akamwambia Kiptum. "Ni ya kukhu. Isiharibike hata punje moja. Nitaichukua siku nikipita kwenda mlimani."

"Kama jicho langu, swiri."

Na kweli alikitunza. Mfanyabiashara wa mahindi wa Kitale anajua njia moja ya kutunza nafaka, nayo haina mjadala. Kiptum alimwaga wimbi kwenye karatasi safi, akalinyunyizia dawa ya unga ya kuua fukusi, akalichanganya kwa upole na kulirudisha kibuyuni. Aliongeza kijiko kingine, kwa sababu ya mapenzi.

Tohara ilikwenda vizuri, Hillary hakupepesa jicho. Siku tatu kabla ya safari, Nangila alipanda kuja Kitale na furaha yake yote. Kiptum alikuwa amevaa shati jipya na kunyoa ndevu. Alimpa kibuyu kwa mikono miwili. Nangila alikifungua, akanusa, na uso wake ukabadilika.

"Umetia nini hapa?"

"Dawa. Hakuna fukusi atagusa hiyo, nakuapia."

"Dawa?" Aliketi juu ya gunia. "Kiptum, fukusi haili wimbi! Hata mtoto wa Kanduyi anajua!"

"Mimi nilijuaje? Mimi nimelelewa na mahindi."

"Wewe ni Mkalenjin! Nyinyi na wimbi ni ndugu! Ati hukujua?"

"Mamangu ndiye anajua. Mimi nilizaliwa hapa Matisi, sijawahi hata kuvuna wimbi. Nangila, kwani shida iko wapi? Si tutaosha?"

"Haioshwi! Wanataka mbegu haijaguswa. Nimekuambia..." Akanyamaza, kwa maana hakuwa amemwambia. Alimwambia tu amtunzie. Lakini moyo ulioumia hautafuti makosa yake mwenyewe, unatafuta ya jirani. "Ulisema unatamani lori lipate pancha. Hukupata pancha, ukapata dawa."

"Unafikiri nilifanya makusudi?"

"Nafikiri hutaki niende. Ungesema tu."

Aliondoka na kibuyu, gauni likipeperuka nyuma yake. Kiptum alibaki mlangoni amesimama, na shati lake jipya halikumsaidia kitu.

Alipiga simu mara nyingi. Mara ya mwisho ikashikwa na mama.

"Mwanangu, amekataa kuongea. Analia jikoni. Mimi nimemwambia mtu hawezi kutia sumu kwa makusudi halafu anyoe ndevu."

"Mama, hakuna mbegu nyingine? Hata konzi moja?"

"Yetu ilibaki hiyo. Ingine ilikunywewa." Mama akapumua. "Hiyo mbegu ilitoka kwa kukhu mara mbili tu. Mara moja alinipa mimi nikiolewa na kijana wake. Mara ingine alimpa binti yake, Jentrix, akiolewa kule mji wa Kwanza. Ni senge yake Nangila, dada ya baba yake. Lakini tuligombana naye wakati wa matanga ya kukhu. Hatujasalimiana tena. Mimi siwezi kupiga hodi kwake, na Nangila namkataza. Wewe si wa huku. Labda."

Kiptum hakungoja hiyo labda ipoe. Asubuhi yake alifunga duka, jambo ambalo watu wa Matisi walilizungumzia wiki nzima, akaenda Kwanza.

Senge Jentrix alikuwa uani akipepeta maharagwe, mama mwenye mwili mkubwa, kitambaa cheupe kichwani. Alimtazama Kiptum toka viatuni.

"Kalibu," akasema, ulimi wake ukigeuza kila r kuwa l. "Unauza nini?"

"Siuzi, mama. Nimekuja kuomba." Akaeleza yote: gambuti, kibuyu, dawa, kijiko cha pili. Hakujificha popote. Alipofika kwenye kijiko cha pili, senge aliacha kupepeta.

"Ukahalibu yote?"

"Yote."

"Na kijiko ya pili ilikuwa ya nini?"

"Nilikuwa nampenda, mama."

Senge aligeuka upande, mabega yakatikisika. Kama ni kucheka au kikohozi, Kiptum hakuthubutu kuuliza. Alipogeuka tena, uso ulikuwa wa chuma.

"Ni nani alikutuma hapa? Ule mama yake?"

"Alinielekeza. Alisema yeye hawezi kupiga hodi kwako."

Senge aliweka ungo chini. "Alisema hivyo? Basi sikia. Hii mbegu haiuzwi, na haibebwi na mwanaume. Inapewa msichana mwenye anaolewa. Kwa hivyo sema. Unamuoa huyu mtoto yetu ama humuoi? Ukisema unamuoa mwezi huu, nafungua nyungu saa hii."

Hapo palikuwa na jibu rahisi, nalo ndilo alilotaka Kiptum moyoni: aseme ndiyo, mbegu itoke, harusi ipangwe, mlima usahaulike. Alitamani sana. Akamkumbuka Nangila akiwa amekaa juu ya gunia, akinusa kibuyu.

"Nataka kumuoa," akasema. "Lakini si mwezi huu. Akichukua mbegu kwa njia hiyo, haendi kusoma, na hiyo ndiyo ataniambia nilitaka tangu mwanzo. Wacha aende kwanza. Akirudi, yeye ndiye atasema. Kama huwezi kunipa, nitaelewa, mama. Lakini nisingedanganya kwa ajili ya mbegu."

Senge Jentrix alijifuta mikono kwa leso pole pole.

"Bwana yangu miaka thelathini hajawahi kunijibu hivyo," akasema. "Kuja ukunywe chai."

Siku ya safari, lori la Jumuiya lilisimama karibu na soko la Kitale, limejaa vijana, magodoro na miche. Nangila alifika na mama yake. Alikuwa amevaa zile gambuti za kijani, blanketi begani, mikono mitupu. Alikuwa ameamua kusema ukweli na kuomba aruhusiwe kupanda hata bila mbegu, ingawa alijua jibu. Macho yake yalikuwa yamevimba, na alikuwa amemkumbuka Kiptum siku zote tatu kuliko alivyokuwa tayari kukubali.

Mama yake ndiye aliyewaona kwanza. "Haki ya Mungu," akanong'ona.

Senge Jentrix alikuwa anavuka barabara ndani ya gauni la sare ya akina mama wa kanisa, na nyuma yake Kiptum, amebeba mkoba wake kama mwanakwaya. Wanawake wawili walisimama uso kwa uso. Kelele za soko ziliendelea bila kuwajali.

"Mulembe," senge akasalimu, yaani amani.

"Mulembe muno," mama akajibu. Walishikana mikono wakachelewa kuachana.

Kisha senge akatoa fundo la kitambaa kifuani. "Nangila, nusa."

Nangila alinusa. Harufu ya moshi, harufu ya jikoni kwa kukhu, na si kitu kingine. Machozi yakaanza upya.

"Huyu ndiye alikuja kuomba," senge akasema. "Nilimjalibu. Nilimwambia akuoe mwezi huu nimpe. Alikataa. Alisema uende kwanza."

Nangila alimgeukia Kiptum. "Ulikataa kunioa?"

"Mwezi huu!" Kiptum akasema haraka. "Nilikataa mwezi huu tu!"

Hata dereva wa lori alicheka.

"Nilikukosea," Nangila akasema kwa sauti ya chini. "Nilijua tangu jioni ile kwamba sikukuambia. Niliona aibu kupiga simu."

"Na mimi nilitia vijiko viwili. Tusameheane, dia."

Alimshika mkono mbele ya mama na mbele ya senge, na hakuna aliyekohoa. Honi ikalia. Nangila alipanda, akaketi juu ya godoro lake, fundo likiwa kifuani.

"Senge," akaita, "hii ni nusu tu! Kukhu alikuwa anajaza kibuyu."

"Nusu nyingine iko kwangu, juu ya moshi. Hiyo ni ya bibi alusi. Mimi bado simjui ni nani."

Nangila alimtazama Kiptum, na Kiptum alimtazama Nangila, na mwaka mzima ukapita kati yao hapo hapo.

"Itundike juu kabisa, senge," Nangila akasema. "Panya wasifike. Na huyu mtu asiikaribie na kopo lake la dawa!"

Lori likaondoka, likapanda barabara ya mlimani, na kicheko cha Nangila kilisikika mpaka kwenye kona. Kiptum alipunga mkono hata baada ya kubaki vumbi.

"Sasa mimi nifanye nini mwaka mzima, mama?" akauliza.

"Ulime," senge akajibu, akichukua mkoba wake. "Wimbi inataka shamba."

Mchana ule Kiptum alirudi kwenye lundo la viatu vya mitumba. Alitafuta sana mpaka mwenye viatu akachoka naye, lakini aliondoka na gambuti mbili, ya kushoto na ya kulia, saizi yake mwenyewe.