Kunawa Mikono Baada ya Mazishi

Haya yalimpata Kabagwira, niliyekuwa nikiuza naye viazi sokoni Nyabugogo, mwaka wa tisini na mbili.

Nyumbani Kimisagara alipakana ukuta na Nyiramana, bibi kizee asiye na mtoto wala ndugu. Siku tatu bibi aligonga ukuta kwa kikombe cha bati, ko, ko, ko, akiomba maji. Kabagwira alisikia. Akajiambia, "Wengine watakwenda." Wengine nao walijiambia hivyo hivyo. Siku ya nne ukuta ulinyamaza.

Mazishini watu walijaa mpaka barabarani. Akiwa hai hakuwa na jirani. Alipokufa akapata mia.

"Kabagwira, wewe na marehemu mlilala ukuta mmoja," mzee Ntare alimwuliza. "Hukusikia kitu?"

"Kitu gani, mzee? Sikusikia hata panya."

Waliporudi kutoka makaburini, yeye ndiye aliyepewa kidumu cha maji awanawishe watu mikono, kama ilivyo desturi. Mawingu ya mvua yalikuwa yametia giza uani. Alimimina ameinama, hatazami nyuso. Mikono ilikuja, ikasugua, ikaondoka.

Kisha ikaja mikono mikavu yenye kucha za kijivu. Hiyo haikusugua. Iliungana, ikakinga maji, ikapanda nayo juu, na Kabagwira akasikia mtu akimeza, gudu, gudu, bila kupumua. Ikashuka kukinga tena. Ikapanda. Ikashuka.

Hakuthubutu kuinua macho. Alimimina mpaka kidumu kikaisha, na mikono ilikuwa bado imekinga.