Makochi ya Kuteketezwa

Walikutana sokoni Singida mjini, siku guta la Gerald, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, lilipozimika katikati ya njia na kumzibia Witness. Witness alikuwa na gauni la kitenge cha njano, dumu la mafuta ya alizeti mkononi, na jua linachoma.

"Kaka, utasogea leo au nilale hapa?"

"Nisukumie kidogo, mrembo, nikufikishe mpaka kwako."

Alisukuma, naye akamfikisha. Miezi ikapita, wakawa wanaitana mpenzi, na Gerald akatuma habari kwa mama yake, kijijini Issuna, aje amwone mchumba.

Kumbe kunguni walishaingia kwenye makochi ya Witness. Bwana afya alisema yasiuzwe, yasigawiwe, yasitupwe korongoni. Yapelekwe dampo la manispaa yakateketezwe. Witness aliahidi mbele ya wapangaji wenzake wenye watoto wachanga, na Gerald akayapakia.

"Yamefika?" alimuuliza kwa simu.

"Yamefika, mpenzi. Usiwaze."

Jumamosi asubuhi bwana afya akapiga. "Dada Witness, niko dampo. Makochi yako hayajafika hapa. Yasipoonekana leo, tutaonana mahakamani."

Witness alimpigia Gerald. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, imezimwa. Alijifunga khanga kiunoni, akaenda kwa miguu.

Mlango wa Gerald ulikuwa wazi. Juu ya kochi lilelile la maua la Witness alikaa mama mmoja mwenye kilemba cheupe. Gerald alisimama ukutani, jasho linamtoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe Witness? Njoo ukae. Gerald kaninunulia makochi mazuri."

Witness alimtazama Gerald, naye akainamisha kichwa. Neno moja lingemvua nguo mbele ya mama yake. Lakini mama alikuwa ameshaanza kujikuna mkono.

"Mama, samahani, nyanyuka," alisema taratibu. "Makochi haya ni yangu, yana kunguni. Nilimwomba Gerald ayapeleke dampo."

Mama akasimama, akamgeukia mwanawe. "Ni kweli?"

"Kweli, mama. Sikuwa na pa kukukalisha. Niliona aibu."

"Kwani Issuna nakalia nini?"

"Ungeniambia, ningekuazima viti," Witness alisema. "Umenifanya mwongo mbele ya watu wenye watoto."

"Nisamehe."

Witness alishika upande mmoja wa kochi, Gerald akashika wa pili. Wakapakia kwenye guta, mama akibaki kuanika mablanketi juani.

Kule dampo, bwana afya alihakikisha yameshika moto, akaondoka. Moshi mweusi wa sponji uliwafanya wasogee nyuma pamoja.

"Leo nilipanga kukuomba tuoane," Gerald alisema. "Nimeharibu."

"Chumba chako kisicho na viti nimeshakiona. Kama kuna kingine umenificha, kiseme kwanza."

Gerald aligeuka kulitazama guta.

"Guta si langu. Ni la tajiri, mimi dereva tu."

Witness alijifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Haya," alisema. "Sasa omba."